Rupia ya Babu Ina Thamani Gani?

Katika nyumba nyingi za Nyeri, Karatina, Murang'a, Embu na Meru zimo sarafu kuukuu za fedha. Nyingine zimewekwa ndani ya mkebe wa majani ya chai, nyingine zimefungwa katika kitambaa chini ya sanduku, na nyingine zimetobolewa tundu zikavaliwa shingoni. Wazee waliozipata kwa jasho lao wamekwisha kufariki, na vijana waliozirithi hawajui zilitoka wapi wala zafaa nini. Mmoja husikia kwamba kila sarafu ya zamani huuzwa kwa mamilioni. Mwingine huambiwa na mnunuzi wa vyuma chakavu kwamba ni takataka tu. Wote wawili wamo katika hatari ya kupoteza mali, wa kwanza kwa tamaa na wa pili kwa kutojua.

Makala haya yataeleza jinsi ya kuitambua sarafu ya fedha ya karne ya kumi na tisa, jinsi ya kuipima, na sababu zinazoifanya moja iwe na bei kubwa na nyingine iwe na bei ndogo. Ili msomaji asichanganyikiwe, neno "fedha" hapa lina maana ya madini yale meupe, na "pesa" ni kile tunachonunulia vitu dukani.

THAMANI TATU ZA SARAFU MOJA

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba sarafu moja ina thamani tatu, wala hazilingani.

Ya kwanza ni thamani ya serikali. Serikali husema, "Sarafu hii ni rupia moja," na kila mtu huipokea kwa hesabu hiyo. Thamani hii huishi maadamu serikali yaitambua. Siku ile serikali isemapo kwamba sarafu hiyo si pesa halali tena, thamani hii hufa, hata kama sarafu yenyewe yang'aa kama siku ilipotengenezwa.

Ya pili ni thamani ya madini. Sarafu ya fedha ikiyeyushwa hubaki na uzito wake, na fedha ina bei yake sokoni kila siku, kama kahawa na chai zilivyo na bei. Thamani hii haifi, lakini hupanda na kushuka.

Ya tatu ni thamani ya mkusanyaji. Wako watu katika nchi nyingi wanaokusanya sarafu za zamani, kama wengine wanavyokusanya stempu. Mtu wa namna hii haangalii uzito tu. Hutaka sarafu ambayo hana, ambayo ni vigumu kuipata, na ambayo haikuchakaa. Akiipata, aweza kulipa mara nyingi kupita bei ya fedha iliyomo.

Mtu akizichanganya thamani hizi tatu, ni rahisi kudanganywa. Mwuzaji afikiriaye thamani ya madini peke yake aweza kuitoa sarafu adimu kwa bei ya bangili iliyovunjika. Na yule afikiriaye kwamba kila sarafu ya kale ni ya mkusanyaji aweza kukaa miaka mingi akingoja utajiri usiokuja.

JINSI FEDHA YA ULAYA ILIVYOFIKA MLIMANI

Hapo zamani watu wa pande za Mlima Kenya hawakutumia sarafu. Mali yao ilikuwa mbuzi, ng'ombe na mashamba, na wasafiri wa misafara waliponunua chakula walilipa kwa shanga, nguo na waya wa shaba. Huko pwani mambo yalikuwa mengine. Wafanya biashara wa Unguja na Mombasa walihesabu mali yao kwa reale, yaani sarafu kubwa za fedha zilizotoka Ulaya na Amerika. Waliziita kwa majina ya kuzitofautisha: reale ya Sham ilikuwa ile ya Austria, reale ya mzinga ilikuwa ya Kihispania yenye picha ya nguzo mbili zilizofanana na mizinga, na reale ya Fransa ilikuwa ile ya faranga tano. Baadaye rupia ya Uhindi ilizishinda zote kwa wingi.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipata hati ya kutawala sehemu zetu, nayo ikajitengenezea rupia zake. Zilipigwa katika kiwanda cha Heaton katika mji wa Birmingham, Uingereza, nazo zina herufi H. Zina picha ya mizani na jina la Mombasa. Rupia nzima ina mwaka 1888, na vipande vidogo vya fedha vina mwaka 1890. Mwaka 1895 kampuni ile ilitoka, na nchi ikawa chini ya Serikali ya Uingereza yenyewe.

Boma la Nyeri lilianzishwa mwaka 1902, wakati reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika ziwani Viktoria. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanzishwa mwaka 1901, na ilipohimizwa katika wilaya za mlimani, kila mwenye nyumba alihitaji rupia. Mbuzi hakupokewa daima, wala shanga. Basi watu walianza kwenda kufanya kazi ya mshahara barabarani, mashambani na mijini, na Wahindi wenye maduka wakafuata maboma wakiuza nguo, chumvi na sukari. Ndivyo rupia za fedha zenye kichwa cha Malkia Viktoria zilivyopanda mlima.

Njia ya pili ilikuwa vita. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 maelfu ya watu wa Nyeri, Murang'a, Embu na Meru walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, wakapelekwa katika nchi ya Wajerumani, ambayo sasa ni Tanzania bara. Wengi hawakurudi. Waliorudi waliweza kuwa na rupia za Kijerumani katika mifuko yao. Tena, katika mwaka 1941, askari wa K.A.R. walipigana Uhabeshi, nchi ambayo wenyeji wake walikuwa bado wakitumia reale ya Austria sokoni. Kwa hiyo si ajabu kukuta sarafu yenye sura ya mama mnene wa Ulaya katika sanduku la mzee wa Othaya au Chuka.

Njia ya tatu ni wageni wenyewe. Baada ya vita ile ya kwanza, askari wengi wa Kiingereza walipewa mashamba upande wa Nanyuki na Naro Moru, na wamisionari wa Kiitaliano walikuwa wamefika nchi ya Wakikuyu tangu 1902. Sarafu za kwao zingeweza kubaki katika mikono ya watu wa hapa.

RUPIA ILIPOKUFA

Historia ya rupia yaonyesha vizuri jinsi thamani ya serikali inavyoweza kutoweka. Kwa miaka mingi rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Wakati wa vita bei ya fedha ilipanda sana ulimwenguni, na rupia ikapanda pamoja nayo, kwa kuwa ilikuwa fedha tupu karibu yote. Mwaka 1920 Serikali ilikata shauri kwamba rupia moja iwe shilingi mbili za Kiingereza, ikatoa sarafu mpya iliyoitwa florini. Florini haikudumu. Mwaka 1921 rupia ya Uhindi iliondolewa katika hesabu ya pesa halali, na tangu 1922 shilingi ya Afrika ya Mashariki, yenye picha ya simba na milima, ikashika mahali pake.

Hivyo katika muda mfupi mtu wa kijijini aliambiwa ahesabu kwa rupia, kisha kwa florini, kisha kwa shilingi. Wenye duka na wenye akaunti benki waliweza kubadilisha mapema. Lakini aliyekuwa ameficha rupia zake ndani ya chungu kwa ajili ya mahari au kodi, naye hasomi gazeti wala hajui benki iko wapi, aliweza kujikuta ameshika sarafu zisizopokewa. Rupia nyingi zinazoonekana leo katika mikebe ni za namna hiyo. Serikali ilizikana, lakini fedha iliyomo haikupungua hata chembe. Tena miaka zaidi ya mia imepita, na baadhi yao sasa zatafutwa na wakusanyaji.

MWAKA ULIOANDIKWA HUWEZA KUDANGANYA

Watu wengi hutazama mwaka ulioandikwa juu ya sarafu, wakadhani kwamba mwaka wa zamani zaidi ndio wenye bei kubwa zaidi. Hili ni kosa, na mfano mkubwa wa kosa hili ni ile reale ya Austria.

Sarafu hiyo upande mmoja ina sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, amevaa shela ya ujane. Upande wa pili ina tai mwenye vichwa viwili, na mwaka 1780. Malkia huyo alifariki mwaka huo huo wa 1780. Lakini Waarabu na Wahabeshi walikuwa wameizoea sarafu yake, nao walikataa kupokea nyingine yenye sura au mwaka tofauti. Walihofu kwamba ni ya bandia. Kwa hiyo viwanda vya Ulaya viliendelea kuitengeneza vile vile, na mwaka ule ule, kwa zaidi ya miaka mia mbili. Haikupigwa Vienna peke yake. Mwaka 1935 Waitaliano walipojiandaa kuishambulia Uhabeshi walipata ruhusa ya kuipiga Rome. Waingereza nao waliipiga London, na wakati wa Vita ya Pili waliipiga Bombay. Jumla yake ni mamia ya mamilioni.

Kwa hiyo mtu mwenye reale ya 1780 mkononi hana haki ya kusema kwamba ana sarafu ya miaka mia mbili na zaidi. Huenda ilitoka kiwandani mwaka 1941. Ziko alama ndogo sana katika nywele, kipini na manyoya ya tai ambazo hutofautisha kiwanda kimoja na kingine, na chache zilizopigwa mapema hupendwa na wakusanyaji. Lakini kuzitambua ni kazi ya mtaalamu. Reale ya kawaida hupata bei isiyozidi sana bei ya fedha iliyomo.

Rupia ya Uhindi yenye mwaka 1862 ina mambo kama hayo. Mwaka huo uliendelea kuandikwa juu ya rupia kwa miaka zaidi ya kumi, hata miaka ya 1870, ndipo ukabadilishwa. Kwa hiyo rupia za 1862 ni nyingi, ingawa zaonekana kuwa za kale sana. Tangu 1877 maneno yalibadilika: badala ya "Malkia" Viktoria aliandikwa "Mfalme Mkuu wa kike" wa Uhindi, kwa neno la Kiingereza EMPRESS.

ZILIZO CHACHE NDIZO ZITAFUTWAZO

Basi kama ukale hautoshi, ni kitu gani kinachotia bei? Ni uchache, na wingi wa watu wanaozitaka. Sarafu ikiwa chache lakini hakuna anayeitafuta, bei yake ni ndogo. Ikiwa yatafutwa na watu elfu, nazo ziko mia tu, bei hupanda kama mahindi wakati wa njaa.

Mfano wa Uingereza ni sarafu ya shilingi tano ya mwaka 1847 yenye maandishi ya mtindo wa kale wa makanisa. Zilipigwa kama 8,000 tu, na ufundi wake husifiwa mpaka leo. Iliyo nzuri huuzwa kwa maelfu ya pauni. Lakini sarafu nyingine ya shilingi tano ya malkia yule yule, ya miaka ya 1890, iliyotumiwa madukani mpaka ikasuguka, hupata bei ndogo sana kuliko hiyo, ijapokuwa uzito na fedha yake ni sawa.

Katika Afrika ya Mashariki zinazofaa kuangaliwa kwa makini ni hizi:

Kwanza, rupia za Mombasa za 1888, na vipande vyake vya 1890. Kampuni ilitawala kwa miaka michache, na sarafu zake hazikuenea sana.

Pili, sarafu za Kampuni ya Kijerumani, au Wadachi kama wazee walivyowaita. Zilianza kutolewa mwaka 1890. Upande mmoja zina sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na upande wa pili zina simba na mnazi. Rupia moja ya aina hii yapatikana bila taabu kubwa. Lakini ile kubwa ya rupia mbili ilipigwa katika miaka miwili tu, 1893 na 1894, nayo hutafutwa sana.

Tatu, reale ya Sultani Barghash bin Said wa Unguja. Aliitengenezesha kwa mwaka wa Hijra 1299, yaani 1882, na maandishi yake yote ni ya Kiarabu. Hii ni adimu sana.

Isimchanganye msomaji shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye simba. Hiyo ni ya karne ya ishirini. Zile za 1921 mpaka 1946 zina fedha robo tu, na zile za 1948 na baadaye hazina fedha hata kidogo. Wala zisimchanganye senti zenye tundu katikati. Hizo zilitobolewa kiwandani, nazo hazikutengenezwa kwa fedha.

HALI YA SARAFU

Tuseme watu wawili, mmoja wa Kerugoya na mwingine wa Mukurwe-ini, wana rupia mbili za Mombasa za mwaka mmoja. Ya kwanza imehifadhiwa katika karatasi tangu siku nyingi: taji, herufi na mizani vyaonekana wazi. Ya pili imesuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa, kisha ikatobolewa ili ivaliwe. Kwa fedha iliyomo, zakaribiana. Kwa mkusanyaji, ya kwanza yaweza kupata bei mara nyingi kupita ya pili, na pengine ya pili ataikataa kabisa.

Hapa ndipo watu wengi waharibupo mali yao kwa nia njema. Wakiona sarafu nyeusi huifikiria kuwa chafu, wakaisugua kwa mchanga, majivu, dawa ya meno au dawa ya kung'arishia shaba. Weusi ule si uchafu. Fedha ikikutana na salfa iliyo hewani na katika moshi wa jikoni hujifunika ngozi nyembamba nyeusi. Mkusanyaji huipenda ngozi hiyo, kwa sababu yamwonyesha kwamba sarafu haikuguswa. Kuisugua ni kuondoa pamoja nayo uso wa sarafu, na uso ukiisha kuondoka haurudi.

Kwa hiyo usiisugue, usiichemshe, wala usiitie ndimu. Ikiwa ina udongo, ioshe kwa maji safi tu, kisha uikaushe kwa kuigusa taratibu na kitambaa laini bila kuipangusa. Ishike ukingoni, wala si usoni, kwa kuwa jasho la vidole huacha alama. Iweke katika bahasha yake peke yake mahali pakavu. Usiiweke katika mifuko ya plastiki laini kwa muda mrefu. Baadhi ya plastiki hizo hutoa majimaji yanayotia madoa ya kijani.

KUPIMA KABLA YA KUAMINI

Sarafu za bandia ni nyingi, na zinazoigwa hasa ni zile zenye bei. Majaribio yafuatayo mtu aweza kuyafanya nyumbani.

Kwanza tumia sumaku. Fedha haishikwi na sumaku. Sarafu ikirukia sumaku, si ya fedha. Lakini isiporuka, hilo halitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa shaba na risasi pia hazishikwi.

Pili pima uzito. Peleka sarafu kwa sonara mwenye mizani ya gramu, au kwa mwenye mizani ndogo ya namna hiyo. Hii hapa hesabu ya sarafu zinazoonekana zaidi:

Reale ya Maria Theresa: gramu 28.07, fedha halisi iliyomo, gramu 23.39.
Rupia ya Uhindi, ya Mombasa au ya Kijerumani: gramu 11.66, fedha halisi, kama gramu 10.69.
Shilingi tano ya Uingereza ya karne ya kumi na tisa: gramu 28.28, fedha halisi, kama gramu 26.16.
Faranga tano ya Ufaransa: gramu 25, fedha halisi, gramu 22.5.
Florini ya 1920: gramu 11.66, fedha halisi, gramu 5.83.
Shilingi ya Afrika ya Mashariki ya 1921 mpaka 1946: gramu 7.78, fedha halisi, kama gramu 1.94.

Sarafu iliyotumika sana hupungua kidogo. Lakini rupia yenye gramu 9, au reale yenye gramu 22, yafaa ishukiwe mara moja.

Tatu tazama ukingo. Reale ya Maria Theresa ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka ukingoni, ambayo maana yake ni haki na huruma. Rupia zina mikwaruzo iliyopangika vizuri. Ukingo wenye mstari wa kuunganishia pande mbili waonyesha kwamba sarafu ilimiminwa katika kalibu na mwigaji, haikupigwa kwa mashine.

Baada ya kupima, hesabu ya thamani ya madini ni rahisi. Uliza bei ya gramu moja ya fedha siku hiyo, kisha zidisha kwa gramu za fedha halisi zilizoandikwa hapo juu. Jibu utakalopata ni sakafu ya bei. Mnunuzi wa haki atakata kidogo kwa ajili ya faida yake. Lakini anayekupa robo ya hesabu hiyo huku akikuambia kwamba anakusaidia, huyo hakusaidii.

SOKO, WADANGANYIFU NA SHERIA

Wadanganyifu wa sarafu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni yule apitaye kijijini akinunua "vitu vya zamani" kwa haraka, naye hataki uulize mtu mwingine. Dawa yake ni subira. Sarafu iliyokaa mkebeni miaka mia haitaoza kwa majuma mawili ya kuuliza. Pata bei kwa watu wawili au watatu wasiojuana, na ukiuza, dai stakabadhi.

Wa pili ni hatari zaidi. Huyu huja na habari kwamba yuko tajiri wa nchi za ng'ambo anayetafuta sarafu kama yako kwa mamilioni ya shilingi. Kisha huomba kwanza utoe ada ya kuipima, au ya hati, au ya usafiri. Ukilipa moja, hutokea nyingine. Watu wameuza ng'ombe na kukopa kwa ajili ya ahadi kama hizo. Shika neno hili: mnunuzi ndiye atoaye pesa. Anayetaka kununua kwako hana sababu ya kupokea senti yako hata moja. Wazee walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Tena iko sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yahesabu kuwa ni kitu cha kale kila kitu kinachochukulika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kitu cha namna hiyo hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Rupia ya Mombasa ya 1888 iliyoingia nchini wakati wa kampuni yaweza kuwa chini ya sheria hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuipeleka sarafu nje, au kumpa mgeni aondoke nayo, yafaa kuwauliza wenye mamlaka wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Makumbusho hayo yana nyumba zake hata katika nchi yetu ya mlimani: Nyeri katika jengo lililokuwa mahakama ya wenyeji, na Meru katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

ANDIKA HABARI ZAKE

Yako mambo mengine ambayo mizani haiwezi kuyapima. Rupia iliyotoka katika mshahara wa mpagazi wa vita, au iliyowekwa kwa ajili ya kodi kisha ikakataliwa mwaka 1921, ni ushahidi wa maisha ya watu ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu. Sarafu ikiuzwa bila maelezo, ushahidi huo hupotea. Hata mkusanyaji hupenda zaidi sarafu ambayo habari zake zajulikana.

Basi kama yuko mzee nyumbani anayekumbuka, muulize leo. Andika katika daftari ni nani aliyeileta sarafu, aliipata wapi, katika kazi gani, na mwaka gani kwa kadiri akumbukavyo. Andika pia uzito wake, maneno yaliyo juu yake, na upige picha ya pande zote mbili. Daftari hilo litakusaidia ukiuza, litakusaidia zaidi sarafu ikiibwa, na litawafaa wajukuu hata kama hutaiuza kamwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.